Mafundi wa Jadi Wasikumbukwe Siku ya Sherehe Tu

Mavuno yakishaingia ghalani na jua la kiangazi likishika, ngoma huanza kulia katika nchi yote inayouzunguka mji wa Mwanza. Huo ndio msimu wa mbina, yaani mashindano ya ngoma ya Wasukuma. Ndio msimu pia ambapo ofisi za serikali huzihitaji ngoma hizo kwa wingi, maana wageni ni wengi, miradi ya kuzinduliwa ni mingi, na mkutano wa hadhara hauhesabiwi kuwa umetimia pasipo kikundi cha utamaduni kutumbuiza. Lori hutumwa, wachezaji hupandishwa pamoja na vyombo vyao, hucheza dakika kumi juani, hupewa soda na posho kidogo, kisha hurudishwa kwao. Jambo hilo si baya. Lakini limezoeleka mno, hata limetufanya viongozi na wananchi tuamini kwamba hapo ndipo utamaduni unapohifadhiwa.

Sisi hatuamini hivyo. Sanaa za jadi za kanda hii, yaani ngoma za Wasukuma, uhunzi wa Wazinza, mitumbwi na nanga za Wakerewe, na ususi na ufinyanzi wa akina mama wa mwambao wote, zimefika mikononi mwetu kwa njia nyingine kabisa. Zilitunzwa na koo, na vyama vya wananchi wenyewe, kwa taratibu kali za kujifunza na kurithishana, na zilidumu kwa kuwa zilikuwa na kazi ya kufanya. Yafaa tuzitazame taratibu hizo kwa karibu kabla ya kusema serikali ifanye nini, maana anayetaka kulisaidia jambo hana budi kwanza ajue linavyokwenda.

Tuanze na Usukuma. Vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu, vilianza katika karne ya 19, na masimulizi ya wazee yanawataja waasisi wake kuwa ni Ngika na Gumha, waliokuwa wakishindana katika uchezaji na katika dawa. Tangu hapo vijiji vingi vya Usukuma vimekuwa na pande mbili. Mtoto kwa kawaida hufuata upande wa wazee wake. Huingizwa chamani kwa taratibu zinazojulikana, na huanza kwa kutazama na kuitikia kabla hajasimama mstarini pamoja na wakubwa. Kiongozi wao ni ningi, ambaye kwa Kiswahili twaweza kumwita manju: ndiye mtunzi, ndiye mwimbaji, ndiye mkuu wa kikundi. Ningi hapati cheo hicho kwa barua ya uteuzi. Hukaa chini ya ningi mwingine miaka mingi, akimwitikia nyimbo na kujifunza maneno yenye mafumbo, mpaka siku atakapojitokeza na wimbo wake mwenyewe na watu wakaukubali.

Na watu wenyewe ndio waamuzi. Siku ya mashindano pande mbili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, kila upande mahali pake. Hakuna meza yenye watu walioshika kalamu. Watazamaji huenda wanakopenda, na kikundi kinachowavuta wengi ndicho kilichoshinda. Ndipo tunapopata maana ya mambo ambayo mgeni huyaona kuwa vituko: chatu wa Bayeye wanaovingirishwa shingoni, majembe yanayorushwa juu na kudakwa katika bugobogobo, sanamu za mbao zinazoibuliwa ghafla, mavazi ambayo mwaka jana hayakuwapo. Yote hayo ni kwa ajili ya kumfanya mtu aliye upande wa pili ageuze shingo. Na kwa kuwa kila upande unaogopa kushindwa, kila upande unawahitaji vijana, tena wabunifu. Hatujui mpango wa kurithisha sanaa ulio bora kuliko huu. Ushindani wa majirani umefanya kazi ambayo hakuna afisa angeweza kuiamuru.

Tena sanaa hizo hazikutengana na riziki. Bayeye walikuwa, na baadhi yao ni mpaka leo, waganga wa watu walioumwa na nyoka. Kuwachezea nyoka hao mbele ya watu kulikuwa ni kuonyesha ujuzi wa kazi. Banungule walikuwa wawindaji wa nungu, mnyama aharibuye mashamba. Nyimbo zao ni nyimbo za watu wanaoingia mashimoni. Bugobogobo ilitoka shambani. Vikundi vya vijana vilialikwa na mwenye shamba, ngoma ikaweka mwendo, majembe yakapanda na kushuka pamoja, na eka ambazo familia moja ingezilima kwa majuma zikamalizwa kwa siku chache. Pamba ilipoenea Usukuma wakati wa ukoloni, vikundi hivi vilipata kazi nyingi zaidi. Baadaye lilikuja plau la kukokotwa na ng'ombe, likaja trekta, na ngoma ikapanda jukwaani, ambako vikundi vya taifa viliichukua na kuisambaza nchi nzima. Hatumwombei mkulima arudie jembe la mkono ili sisi tupate ngoma ya kutazama. Tunasema tu kwamba sanaa iliyoondolewa kazi yake huhitaji nyingine, la sivyo hubaki ikingoja lori la sherehe.

Wenye umri watakumbuka pia shikome, yaani mahali pa moto wa jioni palipokuwa uani, ambapo wanaume na wavulana walikaa kabla ya kulala. Hapo hadithi zilisimuliwa, vitendawili viliulizwa, nasaba za ukoo zilikaririwa, na mkono wa kijana ulifundishwa kusokota kamba au kuchonga mpini huku masikio yakisikiliza. Uhamiaji wa Operesheni Vijiji mwaka 1974 ulizihamisha kaya nyingi kutoka kwenye viwanja vya koo zao. Zilipata mengi katika vijiji vipya, shule na visima vikiwamo, lakini moto wa ukoo haukuandikwa katika ramani ya kijiji. Baada ya hapo zikaja redio, televisheni na simu ya mkononi. Hakuna aliyekusudia kuizima shikome. Ilizimika kwa kuwa hakuna aliyekuwa na jukumu la kuchochea kuni.

Hatuwezi kuyasema haya tusitaje Bujora. Hapo Kisesa, wilayani Magu, yapata kilometa 20 kutoka Mwanza mjini, Padri David Clement kutoka Kanada alianza katika miaka ya 1950 kukusanya vitu, nyimbo na maarifa ya Wasukuma, akishirikiana na wazee wa mahali pale, na mwaka 1968 makumbusho yakafunguliwa. Clement alifariki mwaka 1986. Kazi imeendelea mikononi mwa wenyeji. Sikukuu ya Bulabo inayofanyika hapo kila mwaka karibu na Juni, wakati wa Sikukuu ya Ekaristi, imewapa Bagika na Bagalu uwanja wa heshima kwa zaidi ya nusu karne. Ni Kisesa pia ambako tarehe 8 Septemba 2021 machifu walimsimika Rais Samia Suluhu Hassan na kumpa jina la Hangaya, na tangu siku hiyo maneno machifu, mila na matamasha yamesikika katika hotuba za viongozi kuliko wakati wowote tangu madaraka ya machifu yalipofutwa mwaka 1963.

Tunaipongeza Bujora, na twaiomba Serikali isiitegemee peke yake. Makumbusho huhifadhi kiti. Hayawezi kuhifadhi mkono uliokichonga. Mfano mmoja watosha. Mwaka 1953 kilichapishwa kitabu cha Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyeitumikia serikali ya kikoloni na aliyeishi hapa Mwanza, kuhusu michoro ya ukutani ya Bayeye. Katika nyumba za chama hicho, kuta zilichorwa nyoka, mababu na viumbe vya masimulizi, na waliokuwa wakiingizwa chamani walifundishwa kwa kuonyeshwa michoro hiyo. Zilikuwa ni kuta za darasa. Nyumba za udongo huanguka. Zamani ilipoanguka moja, mwalimu aliyehai alichora nyingine. Nakala zilizowekwa kitabuni ni hazina, nasi tunashukuru kwamba zipo, lakini hakuna kijana aliyewahi kufuzu uyeye kwa kutazama kitabu kilichochapishwa London.

Tukivuka maji, mambo ni mazito zaidi, na hapa twaomba ndugu zetu wa Ukerewe, Ukara na visiwa vidogo wavumilie tukisema yale wanayoyajua kutuzidi. Msukuma wa bara anayo Bujora na anao uwanja wa Bulabo. Mkerewe ana nini? Anayo, kwanza, riwaya ambayo makabila mengi makubwa hayana mfano wake. Aniceti Kitereza, mjukuu wa Mtemi Machunda, aliyezaliwa mwaka 1896, aliandika kwa Kikerewe kisa cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akakimaliza mwaka 1945. Aliona kwamba desturi za wazee wake zinapotea, akaziingiza zote ndani ya maisha ya mtu na mkewe waliokosa mtoto: kilimo, uvuvi, uganga, adabu ya ugeni, na pombe ya ndizi ambayo Myombekere alitozwa na wakwe zake kabla ya kurudishiwa mke. Msomaji makini aweza kujifunza humo namna ya kuitengeneza pombe hiyo tangu ndizi mbichi mpaka kibuyu.

Lakini mswada huo ulikaa. Wamisionari waliusifu, wataalamu waliusifu, na bado ulikaa. Mzee Kitereza akautafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikauchapisha mwaka 1980, miaka 35 baada ya kuandikwa. Mwandishi alifariki mwaka 1981 kabla hajakishika mkononi kitabu chake, kwa kuwa nakala zilikuwa zimepigwa chapa Uchina na zilikuwa bado njiani. Tafsiri ya Kiingereza iliyofanywa na Gabriel Ruhumbika, naye mwana wa Ukerewe, ilitoka mwaka 2002. Kila afisa anayesema kwamba suala la mafundi wa jadi litashughulikiwa fedha zitakapopatikana, tunamwomba aikumbuke meli ile iliyochelewa.

Anayo, pili, nanga. Chombo hiki cha nyuzi, kilichochongwa kwa ubao mfano wa hori, kilipigwa katika baraza za watemi wa Ukerewe kama kilivyopigwa ng'ambo ya ziwa kwa Wahaya, ambao tungo zao za nanga zilichunguzwa kwa kina na Profesa Mugyabuso Mulokozi katika miaka ya 1980. Mwanahistoria Gerald Hartwig, aliyefanya utafiti Ukerewe mwishoni mwa miaka ya 1960, aliandika juu ya nafasi ya muziki huo katika historia ya kisiwa. Utemi ulipoondoka, mpiga nanga alikosa baraza ya kupigia. Ngoma ya Kisukuma ilikuwa na uwanja wa mashindano wa kuikimbilia. Nanga ilikuwa chombo cha kusikilizwa kwa utulivu, na utulivu haushindani na spika za harusini.

Anao, tatu, mtumbwi, na hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo.

Zamani mbao za mitumbwi ya ziwa hili zilishonwa kwa nyuzi za miti, kama wageni waliofika mwishoni mwa karne ya 19 walivyoshuhudia na kuandika. Baadaye misumari ilichukua nafasi ya uzi, lakini umbo na akili ya chombo havikutoka nje. Fundi wa mitumbwi hana karatasi ya michoro. Huutazama ubao, huupima kwa mkono na kwa jicho, hujua ubavu ujikunje kiasi gani ili chombo kikate wimbi la mchana lakini kisiyumbe usiku taa zinapowashwa na dagaa wanapovutwa. Huziba nafasi kati ya mbao kwa pamba, na katika mkoa wa pamba jambo hilo lina utamu wake. Kisha hukipaka rangi na kukiandika jina, na mara nyingi maneno ya busara au ya kejeli ambayo mwenye chombo ameyachagua kwa ajili ya wenzake wa mwaloni. Watu hupita mialo bila kuyatazama. Sisi twayahesabu kuwa ni sanaa ya umma, sawa na kanga ya pwani yenye methali.

Ufundi huu hurithishwa katika ukoo. Kijana huanza kwa kushikilia ubao, akafuata kupiga randa, akafuata kuziba, na kazi ya kuweka mkuku huachiwa mwisho, kwa kuwa kosa lililofanyika hapo halisahihishwi juu yake. Kwa mtu wa kisiwani hili si pambo. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka kikiwa kimekaribia Ukara na watu zaidi ya 220 wakapoteza maisha, waliotangulia kuokoa walikuwa wavuvi na wanakijiji kwa mitumbwi yao. Vyombo vile vilitengenezwa na mafundi ambao hakuna daftari la serikali linalowataja.

Leo mbao nzuri ni adimu na bei yake yapanda. Serikali nayo, kwa nia njema, imeanza kuwakopesha wavuvi boti za kisasa na vizimba vya kufugia samaki, kama ilivyofanya hapa Mwanza mapema mwaka 2024. Boti ya fiberi haiozi upesi, haihitaji kukata mti, na inabeba injini vizuri. Hatuna sababu ya kuipinga. Swali letu ni jingine: wakati mikopo hiyo ilipopangwa, je, kuna aliyewauliza mafundi wa mitumbwi wa Ukerewe kama wangependa kufunzwa kutengeneza boti hizo wao wenyewe? Mtu aliyekwisha kujua tabia ya maji na uzito wa chombo ni mwanafunzi bora wa ufundi mpya kuliko kijana aliyeletwa kutoka mbali. Akiachwa nje, atageuka kuwa mtengeneza viraka wa mitumbwi mikuukuu, na mwanawe atakwenda kuendesha bodaboda Nansio.

Kwamba ufundi wa jadi hauogopi vitu vipya, mji wetu wenyewe ni shahidi. Makoroboi, mahali palipo katikati ya Mwanza chini ya mawe, palipata jina lake kutokana na mafundi waliokuwa wakitengeneza taa za koroboi kwa vyuma na makopo yaliyotupwa. Ng'ambo ya ghuba, Uzinza ndiko yalikotoka majembe yaliyolimia Usukuma kabla ya majembe ya viwanda. Wahunzi wa Kirongo walijua kuyeyusha chuma kutoka udongoni, na jembe lao lilikuwa fedha na mahari. Majembe ya viwanda yalipofika, tanuru zilizimwa, lakini nyundo iliendelea kulia katika vyuma chakavu. Tangu daraja la Kigongo hadi Busisi lifunguliwe tarehe 19 Juni 2025, mtu wa Sengerema hahitaji tena kungoja kivuko ili kuleta bidhaa zake mjini. Itakuwa ajabu barabara ikiwa nzuri hivyo na mafundi wakawa wamekwisha.

Tumesikia wasemao kwamba mambo haya yana ushirikina, kwa kuwa vyama vya ngoma vina dawa zake, na kwamba mwenye dini hapaswi kuyakaribia. Hoja hiyo haifai kudharauliwa, hasa katika kanda ambayo waganga wadanganyifu wamesababisha damu ya watu wasio na hatia kumwagika. Mwenye kutenda uovu huo ni mhalifu na sheria impate. Lakini mtu anayejua mti wa kumtibu aliyeumwa na swila hawezi kuwekwa kapu moja na mwuaji. Padri wa Kikatoliki aliweza kuwakaribisha Bagika na Bagalu uwanjani mwa kanisa lake bila kupoteza imani yake. Wengine nao wanaweza kutenganisha pumba na mchele.

Turudi kwenye wajibu wa Serikali. Hatuwezi kusema kwamba taifa halikuwa na maneno mazuri. Desemba 1962 Mwalimu Nyerere, akilihutubia Bunge baada ya kuapishwa kuwa Rais, alitangaza wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana, na akausema utamaduni kuwa ndio kiini na roho ya taifa. Baraza la Sanaa la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1984. Sera ya Utamaduni ilitolewa mwaka 1997. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitambua sanaa za jadi kuwa ni mali inayostahili kulindwa dhidi ya wafanyabiashara wanaozitumia bila idhini. Mwaka 2011 Tanzania iliridhia Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 wa kuhifadhi urithi wa utamaduni usioshikika, na mkataba huo unaitaka kila nchi iandae orodha ya urithi wake kwa kushirikiana na jamii na watu wanaoushika. Twaiuliza ofisi ya mkoa swali jepesi: kwa upande wa Ukerewe na Ukara, orodha hiyo ina majina ya nani?

Majirani zetu wa ziwa hili hili wamejibu swali hilo kwa vitendo. Vitambaa vya magome ya mti vya Waganda vilitangazwa na UNESCO mwaka 2005. Mwaka 2012 muziki wa bigwala wa Busoga, tarumbeta za vibuyu zilizopigwa katika shughuli za kifalme, uliwekwa katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Wakati huo wazee waliobaki wakiujua vema walikuwa wanne tu. Kilichofuata ndicho kilichotupendeza. Waganda hawakujenga ukumbi. Walitafuta mbegu za vile vibuyu virefu, ambavyo vilikuwa vimeadimika, wakazipanda, na wakawaketisha vijana mbele ya wale wazee. Kenya nayo iliandikisha ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho mwaka 2014. Mkataba ni ule ule tuliouridhia sisi.

Hapa kwetu kizuizi kimoja kikubwa kimo katika fedha ambazo tayari zipo. Halmashauri zinapaswa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mpango ulisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, na ni mpango wa haki. Ila ufundi wa jadi haukai katika mafungu hayo. Karakana ya mitumbwi ni babu, mwana na wajukuu. Kikundi cha ngoma ni ningi mwenye mvi na wasichana na wavulana wanaomwitikia. Kikundi cha vijana watupu kitapata fedha na kumkosa mwalimu. Chenye mwalimu kitamkosa mkopeshaji. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa uliofufuliwa miaka ya karibuni nao umejulikana zaidi kwa wanamuziki na waigizaji wa mijini. Mzee wa Ilangala hana kazimashauri yake. Hata fomu hajui iko ofisi gani.

Kizuizi kingine ni lugha, nasi tunakitaja kwa uangalifu, maana tunaandika kwa Kiswahili na hatuoni lugha nyingine iliyoliunganisha taifa hili. Kanuni za utangazaji zinataka vituo vitangaze kwa Kiswahili au Kiingereza. Lengo lake linaeleweka. Lakini fumbo la ningi limo katika Kisukuma, na jina la kila kipande cha mtumbwi limo katika Kikerewe au Kikara. Kisukuma kina mamilioni ya wasemaji na nyimbo zake zinanunuliwa kwa simu, kitajitetea. Kikara husemwa na watu wa kisiwa kimoja. Kurekodi maneno ya mafundi wa Ukara kabla hawajaondoka hakumpunguzii mtu yeyote uzalendo wake.

Kwa hiyo tunapendekeza haya. Afisa utamaduni wa wilaya ya Ukerewe awezeshwe kusafiri, maana wilaya yake ni maji, na afisa asiye na nauli ya boti ni afisa wa Nansio tu. Mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, VETA, ambayo tayari ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti watu waliojifunza ufundi nje ya vyuo, iupeleke utaratibu huo kwenye mialo, ili fundi wa mitumbwi aweze kuomba zabuni ya halmashauri kama fundi mwashi anavyoomba. Walimu wa shule za msingi, ambao chini ya mitaala iliyoanza kutumika mwaka 2024 wana somo la sanaa na michezo, waruhusiwe kumwalika mfinyanzi au mpiga nanga wa kijijini afundishe vipindi vichache kwa malipo yanayojulikana. Ni aibu mtoto wa Bwisya kuchora mnazi ambao hajawahi kuuona, wakati msusi wa mikeka ya mafunjo anakaa nyuma ya shule. Na kikundi cha ngoma kinapoitwa kumpokea mgeni, kilipwe kwa hati ya malipo kama anavyolipwa mwenye mahema na mwenye viti.

Nanyi wananchi wa visiwani, msingoje barua. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu. Ukiitishwa ujao, wazee wataje kwa majina nani bado anaweza kuweka mkuku, nani anajua nanga, nani anafinyanga chungu cha pombe, na ana mwanafunzi au hana. Mtendaji wa kijiji ayaandike katika muhtasari na kuyapeleka wilayani kabla makadirio ya mwaka wa fedha unaoanza Julai hayajafungwa. Gazeti hili litauliza huko Nansio ni vijiji vingapi vimeleta majina, na litayachapisha majina ya vijiji hivyo.